MOTA YA HOSPAWA 2 INANYANYUA KILO NGAPI? PIGA HESABU KABLA HUJAFUNGA WINCHI

Swali hili halikauki vijiweni: mota ya hospawa 2 inanyanyua kilo ngapi? Ukweli ni kwamba mota hiyo hiyo inaweza kunyanyua kilo 10 au kilo 280, inategemea umeifunga vipi. Na mkoani kwetu hili siyo la utani. Kule Mirerani, wilaya ya Simanjiro, kuna mashimo ya tanzanite yaliyoshuka mamia ya mita, winchi inavuta viroba vya mawe na wanaapolo wako chini yake.

Anza na kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota. Tuseme kinasoma kilowati 1.5 (hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo ndiyo hospawa 2 hizo) na mizunguko 1440 kwa dakika. Zidisha kilowati kwa 9550, halafu gawa kwa mizunguko:

9550 x 1.5 / 1440 = nyutoni-mita 9.95

Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha shafti. Ile 9550 haikuokotwa: ni 60,000 gawa kwa pai mara mbili.

Sasa funga dramu ya kamba yenye upana wa sentimita 20 moja kwa moja kwenye shafti. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 0.1, kwa hiyo 9.95 / 0.1 = nyutoni 99.5. Gawa kwa 9.81, unapata kilo 10. Ndoo ya maji, basi! Gunia la mahindi la kilo 100 halitikisiki.

Ndiyo maana kuna giaboksi. Ikipunguza mwendo mara 40, dramu inazunguka mara 36 kwa dakika na nguvu inapanda mara 40, yaani 398. Lakini giaboksi nayo inakula. Tukikata asilimia 30 ya msuguano inabaki 279, sawa na kilo 284 hivi. Kasi ni mita 22.6 kwa dakika. Hupati nguvu ya bure, umebadilisha mwendo kwa nguvu.

Hapa ndipo wengi wanaponasa. Kamba ikijiviringisha inanenepesha dramu. Kutoka katikati ikifika sentimita 15, zile kilo 284 zinakuwa 190. Na dramu inanenepa lini? Mzigo ukiwa juu, karibu na mdomo wa shimo, mahali pabaya kuliko pote pa mota kushindwa. Kwa hiyo hesabu ifanyike na dramu iliyojaa.

Pia umeme. Mota hizi za kawaida nguvu yake ya kuanzia inafuata mraba wa volti. Umeme ukishuka toka 230 hadi 180 inabaki asilimia 61 tu. Mimi kwa mota hii nisingepakia zaidi ya kilo 100, wenye roho ngumu watanicheka.

Halafu umeme ukikatika kabisa, mota haina nguvu hata chembe. Breki lazima iwe ile inayojibana yenyewe moto ukiondoka. Na hesabu hizi ni za viroba. Winchi hii asipande mtu.

Mwenye kibati chenye namba tofauti aimwage hapo chini tuipige pamoja.