Mtoto wa Mkulima

Mizengo Pinda, aliyezaliwa upande wa Mpanda mwaka 1948, alijulikana nchini kwa jina la Mtoto wa Mkulima. Yafaa tuulize: je, jembe ndilo lililompandisha?

Huko Uingereza, J. R. Clynes aliingia katika kiwanda cha pamba cha Oldham akiwa na umri wa miaka 10. Akapanda kwa vyama vya wafanyakazi: mwaka 1906 akaingia Bungeni, na mwaka 1929 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ngazi yake ilishikwa na wenziwe.

Ngazi ya Pinda ilikuwa nyingine. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akawa mwanasheria wa serikali, akatumika Ikulu, kisha akawa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Ndipo mwaka 2000 alipochaguliwa Mbunge wa Mpanda Mashariki. Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu, akawa Waziri Mkuu, hata mwaka 2015. Katika muda huo, mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulizaliwa, makao yake yakiwa Mpanda.

Basi mkulima alimzaa, walakini shule na ofisi ndizo zilizompandisha. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingaliweza kuwa sauti ya mkulima, vilivunjwa mwaka 1976, na vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa dhaifu. Clynes alikuwa na wadai waliojipanga; mkulima wa Mpanda alikuwa na kura yake tu. Jina la mzazi ni heshima, nalo ni deni. Na deni huhitaji mdai.