Kabla ya Kumhukumu Mtu wa Newala, Isome Lenzi

Picha kongwe za Masasi na Newala zinazojulikana zaidi zilipigwa mwaka 1906 na Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Weule alikuwa amekusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini machafuko ya huko yakafanya aelekezwe kusini. Akashukia Lindi, akafika Masasi mwezi Julai akifuatana na mkuu wa wilaya, Ewerbeck, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde na kukaa Newala na Mahuta. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu huko London. Katika picha zake nyingi watu wamesimama au wamekaa wakiikabili kamera, viungo vimekakamaa, nyuso zimezama gizani. Msomaji wa leo huona haraka watu wenye hofu, au watu wasio na furaha, na wengine wamekwenda mbali zaidi wakasema ndivyo walivyokuwa wazee wetu. Hukumu hiyo imetolewa kabla ya kumsikiliza shahidi mkuu, yaani lenzi. Anayetaka kujua picha inasema nini juu ya mtu ajue kwanza kile ambacho kamera ile isingeweza kukisema hata mpigaji angetaka.

Tuchukue bamba la kioo la sentimita 13 kwa 18, kipimo cha kawaida kwa wasafiri wa Kijerumani wa wakati ule. Bamba la ukubwa huo huhitaji lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 210 hivi. Lenzi nzuri zilikuwapo tayari: Dagor ya kiwanda cha Goerz ilibuniwa mwaka 1892, na Tessar ya Zeiss mwaka 1902. Lakini ubora wa lenzi hizo haukuondoa sheria ya maumbile, kwamba lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo ukanda wa fokasi unavyopungua. Ukifungua tundu la lenzi hiyo hadi f/6.8 na kulenga mtu aliye mita 4, sehemu itakayotoka kali haifiki hata mita moja, kutoka mbele hadi nyuma. Na hapo mpigaji anafanya kazi akiwa kipofu nusu. Anajifunika kitambaa cheusi, anatazama taswira iliyopinduka kichwa chini kwenye kioo cha ukungu, anasogeza lenzi mpaka taswira ikae sawa, kisha anafunga lenzi na kuchomeka kasha la bamba nyuma ya kamera. Tangu sekunde hiyo haoni tena alichokilenga. Mama aliyesogea hatua moja kumshika mtoto ametoka nje ya fokasi, na bamba limeharibika. Ndiyo maana watu waliambiwa wasimame wasitikisike. Ukakamavu tunaousoma kama tabia ya Wamakonde, Wamakua na Wayao ulikuwa sharti la kazi, na wakati uleule ulikuwa sharti katika studio za Leipzig na Berlin pia.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka katika mizigo ya Weule mwenyewe. Mbali na kamera ya mabamba alibeba fonografu ya nta ya kunasia sauti, na alibeba mashine ya sinema. Sinema ilitumia mkanda mwembamba na lenzi fupi, tena haikumtaka mtu asimame. Kwa mashine hiyo alinasa ngoma, watu wakizunguka, wakiruka, vumbi likitimka. Alifanya jambo jingine la busara kubwa: aliwapa wapagazi wake na wenyeji penseli na karatasi wachore wapendavyo. Wakachora misafara, wanyama, ngoma, na Wazungu wenyewe, na michoro hiyo imejaa mwendo. Kwa hiyo tunao watu walewale, mwaka uleule, chini ya mgeni yuleyule, wakionekana kwa njia tatu. Mabamba yanatuonyesha watu waliotulia tuli, ilhali mkanda na penseli vinatuonyesha watu wanaocheza. Kilichobadilika katikati ni chombo peke yake, na ni nadra sana historia kutupa mlinganisho safi namna hii.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inamfutia mkoloni makosa kwa kuyatupia kioo. Pingamizi hili ni zito na halifai kupuuzwa. Mwaka mmoja kabla ya Weule kufika, vita vya Majimaji vilikuwa vimepita Masasi, na misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watumwa waliowekwa huru kutoka Zanzibar, ilikuwa imechomwa moto. Mgeni aliyeingia akiwa na mkuu wa wilaya na askari hakuwa mgeni wa kukataliwa. Nakubali yote hayo. Mamlaka ndiyo yaliyomfikisha mtu mbele ya kamera, na huenda hofu ilikuwapo kweli. Lakini mamlaka hayohayo yalikuwa nyuma ya mashine ya sinema, na picha zilizotoka hazikuwa na ukakamavu ule. Tukitaka kuipima hofu kwa haki, lazima kwanza tuondoe kile kilichotokana na chombo, kisha tuone kimebaki nini. Vinginevyo tunamwekea mkoloni hesabu isiyo yake, na tunawavika wazee wetu unyonge ambao hawakuwa nao.

Wala sisemi kwamba lenzi fupi humleta mtu huru. Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, mwanaanthropolojia Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walifanya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati kamera ndogo zilikuwa zimeenea duniani. Margot alipiga filamu za milimita 16 zenye ukaribu wa ajabu na maisha ya watu. Pamoja na hayo, timu yao ilikuwa ikiiandikia serikali ya Ureno ripoti za siri juu ya hali ya siasa. Kamera ndogo ilipunguza umbali wa mita, na umbali wa mamlaka ukabaki palepale. Mambo haya mawili yapimwe kila moja peke yake.

Kati ya Weule na akina Dias ndipo yalipotokea mapinduzi yanayowahangaisha wakusanyaji wa lenzi hadi leo. Mwaka 1925 kiwanda cha Leitz kilianza kuuza Leica, iliyotumia mkanda wa sinema wa milimita 35, na mwaka 1932 Leica II na Contax ya Zeiss zikaja na kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Mpigaji hutazama taswira mbili za mtu mmoja. Anapozungusha lenzi ya Leica, ukingo wake wa nyuma husukuma mkono mdogo ndani ya kamera, na taswira mbili zikilalia pamoja fokasi imepatikana, huku mtu angali anaonekana. Kwa lenzi ya milimita 50, kwa f/6.8 ileile na mita 4 zilezile, ukanda mkali unakaribia mita 3. Mama aliyesogea amshike mtoto sasa amebaki ndani ya picha. Wasovieti walinakili Leica kwa FED mwaka 1934 na baadaye Zorki, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakatengeneza lenzi za Jupiter kwa mchoro wa Sonnar ya Zeiss. Hesi ya kufungia lenzi, ya milimita 39, ni moja, kwa hiyo Jupiter hujifunga vizuri kwenye Leica. Lakini mkono wa Leica umepimwa kwa lenzi ya milimita 51.6, na Sonnar asilia kwa 52.4. Tofauti hiyo isiyofika milimita moja inatosha kumtoa mtu wa karibu nje ya fokasi tundu likiwa wazi. Kwenye kamera za dijitali zisizo na kioo tatizo hilo linaisha, kwa sababu mpigaji hulenga kwa kutazama taswira yenyewe. Lenzi ya hesi huhitaji milimita 28.8 kati ya kiti chake na filamu. Kamera ya Sony ya aina hiyo ina 18 tu, na adapta hujaza 10.8 zilizobaki.

Wakusanyaji wengi hulinganisha lenzi hizi kwa kutafuta ile yenye uzuri wa kipekee, iwe ni mwanga unaozagaa au nyuma iliyolainika. Sina ugomvi na starehe hiyo, ila kazi kubwa zaidi ya mlinganisho ni kutenga sababu. Chukua weusi wa nyuso. Lenzi ya zamani isiyopakwa dawa hupoteza asilimia 4 au zaidi ya mwanga kwenye kila uso wa kioo unaogusa hewa, na mwanga huo huzagaa ndani. Ukiifunga kwenye kamera mpya utaona kwamba kuzagaa huko hufifiza vivuli, hakuvitii weusi. Kumbe lenzi haina hatia hapa. Mwenye hatia ni dawa ya bamba: mabamba ya kawaida yalihisi bluu na kuwa karibu kipofu kwa nyekundu, na ngozi yetu hurudisha zaidi mwanga wa upande wa nyekundu. Anayesema kamera ya dijitali haiwezi kuiga bamba la 1906 amesema nusu ya kweli, kwa kuwa inaona nyekundu. Lakini mwekee kichujio cha bluu mbele ya lenzi ileile, na uso ulioonekana vizuri utazama gizani mbele ya macho yake.

Yapo pia mambo ambayo Newala yenyewe inayasema. Mji uko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika wiki ya tatu na ya nne ya Oktoba jua la adhuhuri husimama juu ya utosi, na paji la uso huyafunika macho kwa kivuli. Jioni upepo wa uwanda huvuma kwa nguvu, na kamera ya mvukuto juu ya miguu mitatu haistahimili. Picha ya Newala yenye macho yanayoonekana na mistari mikali yaelekea ilipigwa asubuhi, wakati wanawake wengi walikuwa wameteremka mabondeni kuteka maji. Orodha ya watu waliomo kwenye picha hizo isisomwe kama sensa ya kijiji.

Hesabu iliyobaki ni ndogo. Mtu wa sentimita 170 aliyetoka na urefu wa milimita 62 kwenye bamba alisimama mita 6 kutoka kwa Weule, kama lenzi ilikuwa ya milimita 210. Kama ilikuwa ya milimita 300, zilikuwa mita 8 na nusu. Makusanyo ya safari ile yako Leipzig, na wanaoyatunza waandike chini ya kila picha ukubwa wa bamba na urefu wa lenzi, kando ya jina la mahali, ili mtu wa Newala akae na rula na kujua mgeni yule alithubutu kumsogelea babu yake kwa hatua ngapi, mwaka mmoja baada ya Majimaji kupita Masasi.