Ndugu Mkorofi Ndani ya Mtungi

Pale Makina, mtaa wa Wanubi ndani ya Kibera, klorini kila mtu anaijua. Mama anatia kifuniko kimoja kwenye mtungi wa lita 20, anangoja nusu saa, kipindupindu kinakosa njia. Carl Scheele aliitoa maabara 1774. Iodini, ile ya kwenye chumvi inayozuia rovu, Courtois aliipata 1811 kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1829 Döbereiner akaona kwamba klorini, bromini na iodini zina tabia za ndugu, na 1869 Mendeleev akauweka ukoo huo kwenye jedwali lake.

Florini ndiyo ndugu mkorofi. Iliua wanakemia kadhaa kabla Henri Moissan hajaitenga, Paris, 1886. Sisi hatuioni ikiwa gesi. Inakuja kimya kimya, ikiwa floraidi, kutoka kwa mawe ya volkano hadi maji ya visima virefu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nairobi vinapita hapo. Mtoto akikua kwa maji hayo meno yanaota na madoa ya kahawia, halafu watu wanamwambia hapigi mswaki. Uonevu tu.

Ukichemsha maji, klorini inaondoka na mvuke. Floraidi haiendi popote: maji yanapungua, yenyewe inabaki, kila kikombe kinakuwa nayo zaidi. Nakuru wanaichuja kwa mkaa wa mifupa. Makina bado tunachemsha.