Vishikwambi Vilifika Kawangware Kabla ya Rafu za Vitabu

Ukisikiliza wapenzi wa vitabu jijini Nairobi wakibishana kama karatasi ni bora kuliko kioo, utadhani kila mkazi wa jiji hili alikuwa na rafu iliyojaa nyumbani kisha akaamua kuihama. Kibera na Kawangware historia hiyo ilikwenda kivyake. Mashine zilikuta vitabu vyenyewe ni haba.

Kwa miaka mingi kitabu cha shule mitaani humu kilikuwa mali ya kurithishana. Kaka akimaliza darasa la saba, dada anakipokea kikiwa hakina jalada. Asipokuwepo wa kukipokea, kinaishia kwa wauza vitabu vya kuinama, waliotandaza bidhaa zao kando ya njia. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulidumu kiasi cha kuuwezesha mzunguko huo. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja mwaka 2003, fedha za vitabu zilielekezwa kwenye shule za umma, ilhali watoto wengi wa Kibera walisomea shule za makanisa, za watu binafsi na za vikundi vya kijamii. Juu ya hayo, sheria ya VAT ya mwaka 2013 ikavitoza vitabu asilimia 16. Sijawahi kusikia hoja ya kuridhisha ya kodi hiyo.

Miaka kadhaa kabla ya kodi hiyo, ng'ambo kulikuwa na jambo jingine. Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilianza kuuza Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, kwa dola 399, zaidi ya shilingi 25,000 za wakati ule. Kioo chake kina chembechembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, na ukurasa ukishajipanga hautumii umeme tena mpaka ufungue mwingine. Ndiyo maana betri hukaa wiki kadhaa, na herufi husomeka hata juani. Ungetaka kifaa cha nyumba ambayo stima hukatika bila taarifa, usingepata kinachofaa zaidi.

David Risher, aliyewahi kuwa mkubwa Amazon, alishirikiana na Colin McElwee kuanzisha shirika la Worldreader ili kupeleka vifaa hivyo Afrika. Walianzia Ghana mwaka 2010, na mwaka uliofuata wakaingia Kenya, lakini huko Kilgoris, mbali na Nairobi. Wachapishaji wa hapa kama Longhorn wakakubali vitabu vyao viwekwe humo, hatua iliyohitaji ujasiri, kwa kuwa mchapishaji wa Kenya hula kwa kitabu cha shule.

Kwa mtoto wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, kifaa cha namna ile kilianzia mkononi mwa mwalimu. Bridge International Academies, waliofungua shule yao ya kwanza Mukuru kwa Njenga mwaka 2009, waliwapa walimu Nook, mshindani wa Kindle, wasome somo lililoandikwa tayari neno kwa neno. Chama cha walimu, KNUT, kilipinga, na kwa maoni yangu kilikuwa na haki. Mashine iliyobuniwa kumpa msomaji uhuru wa kuchagua iligeuzwa kuwa msimamizi wa mwalimu.

Kawangware ilishika njia nyingine. Mwaka 2012 kampuni changa ya Nairobi, eLimu, ilijaribu vishikwambi vyake katika shule ya Amaf, miaka minne kabla ya mradi wa serikali wa vifaa vya kidijitali kufika shuleni. Ndani mlikuwa na masomo ya kujiandaa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yenye picha zinazosonga na maswali ya kujipima. Mtoto aliyekuwa akisoma mzunguko wa damu kwa mchoro uliofifia sasa aliuona ukienda. Gharama yake ilikuwa stima: kioo cha rangi humaliza chaji kwa saa chache, tofauti kabisa na Kindle.

Kibera walilitatua tatizo hilo kwa njia ya kawaida kabisa: maktaba. Tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa huko liliendesha mradi wa Kids on the Tab, watoto wakitumia vishikwambi humo humo chini ya uangalizi. EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba, liliutuza. Ushindi ule nauhesabu kuwa wa jengo lenye meza, taa na mkutubi kabla ya kuwa wa kioo. Mwaka 2016 Worldreader nalo likageukia maktaba, likasambaza vifaa vyake katika 61 nchini.

Kisha mtaala ukabadilika. CBC, mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4, ilianza kuingia shuleni mwaka 2017, na KCPE ya mwisho ikafanywa mwaka 2023. Masomo ya KCPE yaliyomo kwenye vishikwambi yakapitwa, na kitabu cha kurithishana kikapoteza thamani vilevile. Worldreader likaegemea programu ya simu, BookSmart, maana simu ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mzazi tayari.

Wabunge wa Kibra na Dagoretti Kaskazini, ambako Kawangware imo, wasingoje mfadhili mwingine mwenye sanduku la mashine. Wapeleke bungeni hoja ya kufuta VAT ya vitabu, vya karatasi na vya kidijitali, kisha watafute fedha za kuziacha maktaba wazi hadi usiku, taa zikiwaka.