Stori, si “story”

Kwenye vibanda vya nyama choma vya Kamakis, kando ya barabara ya Eastern Bypass huko Ruiru, watu hukaa wakapiga stori. Wanapoandikiana ujumbe, wengi huandika “tupige story”, kana kwamba neno hilo bado ni geni. Si geni tena. Katika Kiswahili y haiwi irabu kamwe, kwa hiyo sauti ya mwisho huandikwa i. Mfuatano wa st mwanzoni hauhitaji irabu ya kuutenganisha, maana tunao tangu zamani katika staha, starehe na stahili. Mkazo nao umekaa panapostahili, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ushahidi mzito zaidi ni wa sarufi: Mwingereza hapigi hadithi. Kitenzi piga ni chetu, kile kile cha kupiga simu, kupiga pasi na kupiga picha.

Wapo watakaouliza, stori ya nini ilhali tuna soga na gumzo? Hoja hiyo ni ya haki, na nisingependa soga life. Lakini soga ni ya kupitisha wakati, na gumzo aghalabu ni jambo lililo midomoni mwa wengi. Stori hubeba hata habari ya deni au ya posa. Kinachotatiza ni wingi. Vijana husema mastori, nao wana mfano wa basi na mabasi. Gazetini ningeandika stori hii, stori hizi, sawa na habari.