Kilumbu na Mfalme: Msimulizi wa Pepo katika Mapokeo ya Waluba

Katika mapokeo ya Waluba wa Katanga, mhusika anayewatatiza zaidi wachambuzi si mfalme mkatili Nkongolo Mwamba, wala mpinzani wake Kalala Ilunga, bali ni Mijibu wa Kalenga. Huyu ni kilumbu, yaani mtu ambaye pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake. Watu wa pwani wangemwita kiti. Bilumbu waliokuja baadaye humtambua kuwa wa kwanza wao.

Kisa chenyewe ni maarufu. Nkongolo, ambaye jina lake huhusishwa na nyoka wa upinde wa mvua, alimwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji mgeni Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akalifunika kwa mikeka, kisha akamwalika kijana acheze ngoma juu yake. Kijana alionywa kwa mlio wa ngoma, akakimbilia ng'ambo ya mto. Nkongolo akawalazimisha Mijibu na mpiga ngoma Kahia wapande juu ya mti wamwite mkimbizi arudi. Kahia alikufa huko kwa njaa. Mijibu aliruka kwa nguvu za dawa zake, akajiunga na yule ambaye baadaye angemkata Nkongolo kichwa.

Je, Mijibu ni mwokozi au msaliti? Aliishi karibu na mfalme mmoja akamsaidia mwingine. Mapokeo hayamhukumu, na haishangazi, kwa kuwa wasimulizi wake walikuwa watumishi wa ukoo wa mshindi. Lau Nkongolo angeshinda, bila shaka tungesimuliwa habari za mganga mwenye ndimi mbili.

Utata huo haukuishia katika hadithi. Kilumbu wa kweli, akiisha kupandwa na pepo, hutikisa kibuyu kiitwacho mboko, ambamo mna vitu vidogo vidogo vya kila namna, kisha hufasiri jinsi vilivyolaliana; kitu kimoja hubadili maana kwa kutegemea jirani yake. Vivyo hivyo, wanachama wa chama cha Mbudye walisoma historia ya ufalme kwa kupapasa shanga za ubao uitwao lukasa. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walionyesha mwaka 1996 kwamba usomaji huo haukuwa kukariri matini moja isiyobadilika, bali ulitegemea msomaji, hadhira na shughuli iliyopo. Mfalme mwenyewe alipaswa kuingizwa katika Mbudye. Kwa hiyo wenye kumbukumbu waliweza kumtukuza, na waliweza pia kumbana.

Hapa ndipo wanahistoria walipogawanyika. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliisoma simulizi hii kama kisasili kinachotafakari asili ya ufalme. Thomas Reefe, mwaka 1981, alitafuta ndani yake, kwa uangalifu, nyayo za historia ya Waluba. Yeyote kati yao asiyemuuliza kilumbu anamsemea nani hupotea njia.

Akiolojia imeongeza swali lingine. Simulizi hudai kwamba adabu za kifalme zililetwa na mgeni Mbidi Kiluwe kutoka mashariki. Lakini makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1957, pamoja na mengine ya bonde la Upemba, yanaonyesha mashoka ya fahari na mapambo ya shaba yaliyozikwa karne nyingi kabla ya wakati ambao wengi hukadiria kwa Kalala Ilunga. Mbali zaidi kusini, nje ya kitovu cha nchi ya Waluba, Naviundu, ambayo sasa imo katika jiji la Lubumbashi, imetoa dalili za uyeyushaji wa shaba za mnamo karne ya 4. Haifai kuwaita mafundi hao Waluba, ushahidi hauruhusu. Hata hivyo shaba yao ilitangulia kila mfalme anayetajwa na Mbudye, na hakuna pepo wa kasri aliyepata sababu ya kuwataja. Habari zao zimebaki katika vigae, mkaa na mabaki ya tanuri.