Januari 1964: Askari wa Colito Walipoacha Kambi na Kuingia Dar es Salaam

Katika sheria za kijeshi, afisa au askari asiyekuwepo katika kituo chake bila ruhusa ya mkuu wake ametenda kosa, hata kama amechelewa tu kurejea kutoka likizo. Akiondoka kwa nia ya kutorudi, kosa hilo huwa utoro, ambao adhabu yake ni kubwa zaidi. Wanajeshi wanapoungana kukaidi mamlaka halali, hayo ni maasi. Tanganyika ilishuhudia uzito wa kosa hilo la tatu kuanzia tarehe 20 Januari 1964.

Usiku wa manane wa siku hiyo, askari wa Batalioni ya Kwanza ya Tanganyika Rifles waliwakamata maafisa wao wa Kiingereza katika kambi ya Colito, kandokando ya barabara ya Bagamoyo. Kisha wakapanda magari na kuelekea katikati ya Jiji, ambako walishika maeneo muhimu, ukiwemo uwanja wa ndege. Madai yao yalikuwa mawili. Kwanza, mshahara wa askari wa kawaida, uliokuwa takriban shilingi 105 kwa mwezi, upandishwe hadi 260. Pili, maafisa wa Kiingereza waondolewe na nafasi zao zishikwe na Waafrika. Dai hili la pili halikuwa geni: nchi ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, lakini uongozi wa jeshi ulikuwa bado mikononi mwa Waingereza.

Rais Julius Nyerere na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walihifadhiwa mahali pa siri. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyewaendea askari hao kambini na kuzungumza nao. Maafisa wa Kiingereza walisafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi.

Kwa muda huo Jiji halikuwa na ulinzi wa kutegemewa. Mamia ya polisi walikuwa wamepelekwa Zanzibar siku chache kabla, kufuatia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Wahuni walitumia nafasi hiyo kuvunja na kupora maduka, hasa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia na Waarabu, Kariakoo ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Watu walipoteza maisha. Mwenye duka aliyeporwa hakuwa na sehemu yoyote katika mgogoro wa mishahara wala wa vyeo, na hili ndilo jambo ambalo masimulizi ya maasi hayo hulipita haraka mno.

Jina Kariakoo lenyewe lina asili ya kijeshi. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo lilitumika kuwaweka wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa Kiswahili.

Tarehe 21 Januari maasi yalifika Batalioni ya Pili, Tabora, na ndani ya wiki hiyo hiyo yakatokea Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Huko Tabora, askari walimtaka Kapteni Mrisho Sarakikya awe kamanda wao. Alibaki kambini pamoja nao, na baadaye Serikali ilimkabidhi uongozi wa jeshi jipya.

Serikali iliomba msaada wa Uingereza, uamuzi ambao kwa taifa changa ulikuwa mchungu. Alfajiri ya tarehe 25 Januari, makomando walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Brigedia Patrick Sholto Douglas, aliyekuwa amejificha tangu siku ya kwanza, alifuatana nao. Askari wengi walisalimu amri muda mfupi baadaye. Mwezi Februari, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili suala hilo, na wanajeshi wa Nigeria wakaja kuchukua nafasi ya Waingereza.

Tanganyika Rifles ilivunjwa. Askari 14 walitiwa hatiani na mahakama ya kijeshi. Kiongozi wao, Sajenti Francis Hingo Ilogi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Rais Nyerere aliziona adhabu hizo kuwa ndogo, lakini hakuingilia uamuzi wa mahakama.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, Sarakikya akiwa Mkuu wake wa kwanza. Vijana wa TANU walikuwa miongoni mwa walioandikishwa mwanzo. Mwaka 1966 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taifa, ambayo ndani yake zimo kanuni za nidhamu zinazomhusu afisa sawa na askari wa kawaida: kutokuwepo kazini bila ruhusa, utoro na maasi ni makosa yanayojitegemea, kila moja likiwa na adhabu yake.

Kambi ya Colito, iliyopewa jina hilo kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1941 nchini Ethiopia, leo inaitwa Lugalo, mahali ambapo majeshi ya Mkwawa yaliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891.